Siku Waliyotaka Kumfunika Bibi Tamari

Wenzangu wa ofisi ya utamaduni,

Siku mliponiaga nikistaafu, pale ukumbini, niliondoka kabla risala haijaisha, na najua mmelijadili. Mmoja wenu alinifuata nje na soda akidhani presha imepanda. Mwingine, nasikia, alisema mama kazidiwa na machozi. Machozi yangu nayajua, hayatoki kwa risala. Nilikuwa mzima kabisa, na pilau lile nililiacha kwa uchungu. Niliondoka kwa sababu nyingine, na kwa kuwa haielezeki kwa maneno mawili, nimekaa kuiandika pamoja na mambo mengine ya kazi ambayo huenda yakawafaa. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Nilifika Mbinga nikitokea Lindi, nimepanda lori la ushirika lililokuwa likirudi kutoka Songea kufuata kahawa. Ilikuwa mwezi wa sita. Nilikuwa na kanga mbili mabegani na kandambili miguuni, na barua ya kupangiwa kazi imelowa umande. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Bwana Hyera, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kaki ambalo sikuwahi kumwona amelivua. Barua hakuisoma kwanza. Aliangalia miguu yangu.

"Binti, huko Lindi hakuna viatu?"

"Viatu vipo, mzee. Baridi ndiyo haipo."

Akacheka, akafunga ofisi, akanipeleka dukani kuninunulia soksi. Hivyo kitu cha kwanza nilichopewa na idara ya utamaduni kilikuwa soksi za sufu, na hazikutoka kwenye idara.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la elimu, na kabati lililofungwa kwa kamba. Vitendea kazi vilikuwa viwili: baiskeli ya kiume yenye mlingoti, na tepurekoda nzito kama kifurushi cha sabuni za miche. Baiskeli ilinifundisha kushona suruali. Tepurekoda ilinifundisha zaidi. Betri zikilegea ziweke juani kwenye bati, zitakupa nyimbo mbili tatu za ziada. Na ukienda kurekodi kikundi, waache waimbe wimbo wote mara ya kwanza bila kubonyeza kitu, ila wasijue. Mara ya kwanza watu huiimbia mashine. Wakichoka nayo ndipo huimba. Nyinyi mna simu zinazorekodi hata usipotaka, lakini kanuni hiyo haijabadilika.

Bwana Hyera hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Alinipeleka Matiri mwezi wa kuvuna kahawa kuitisha mazoezi ya ngoma kwa ajili ya mgeni fulani, tukakaa uwanjani tangu asubuhi na hakuja mtu hata mmoja ila mbuzi. Alijua hawatakuja. Alitaka nijue na mimi. Tangu siku hiyo sikupanga shughuli nyanda za juu kahawa ikiwa nyekundu, wala kule Ziwa Nyasa usipa, dagaa wa huko, ukiwa unashuka kwa wingi, na maofisa waliopanga niliwaacha wakaongee na mbuzi.

Jambo moja tu alilisema kwa kituo, nami naliandika kama alivyolisema. Tulikuwa tunateremka milimani kwenda ziwani, kwa mara yangu ya kwanza, gari likinusa nusa kona zile ambazo wengine hufunga macho. "Ukifika kwenye ngoma," akasema, "usitazame katikati ya uwanja. Katikati kila mtu anaona. Tazama pembeni. Nani amekaa, na kwa nini hachezi."

Tulikuwa tunakwenda Lipingo kuona kioda. Kwa mgeni wa mambo haya, kioda ni ngoma ya akina mama wa ziwani. Huvaa sare nyeupe, hujipanga safu, na wana vyeo vyao, kuna kwini, kuna sista wa kukagua usafi wa sare, na kuna mwimbishaji anayetunga nyimbo na kuzianzisha. Mwanamke wa kioda aliyechomekea vizuri humkagua mkuu wa wilaya kwa jicho moja na kumwona mchafu. Mwimbishaji wa Lipingo alikuwa Bibi Tamari. Mwembamba, goti moja lina kovu la jembe, sauti yake ikianza hata watoto wachanga wanaacha kulia wasikilize ni nani huyo anayewazidi. Aliimba habari za muhogo ulioliwa na nguruwe, za mume aliyekwenda migodini akarudi na sanduku tupu, za katibu kata mwenye mikono mirefu. Katibu kata alikuwepo, amekaa mstari wa mbele, anapiga makofi. Afanyeje?

Nikakumbuka kutazama pembeni. Kwenye mkeka, chini ya ukuta wa ghala la mihogo, walikaa wanawake wazee watatu. Kila mmoja alikuwa na shuka jeupe mabegani. Waliletewa maji kabla ya wageni. Mmoja wao mguu ulikuwa unapiga mdundo chini ya kanga, kidogo kidogo, kama mtu anayeficha jambo.

"Wale ni wagonjwa?" nikamuuliza Bibi Tamari ngoma ilipopumzika.

"Wale wamefunikwa, mwanangu."

Akanieleza. Mcheza kioda wa kikundi chao akichoka, wenzake humkalisha kwenye mkeka, humfunika shuka jipya, na mwimbishaji humwimbia maisha yake, tangu alipokuwa msichana mpaka siku ile, bila kuruka. Wimbo ukifika mwisho, basi. Atakula wa kwanza, atasikilizwa wa kwanza, lakini safuni harudi. Maisha yakishaimbwa mpaka mwisho hayaongezwi ubeti.

"Na akijisikia kucheza tena?"

"Ndiyo maana hatufuniki mtu ambaye bado anajisikia," akasema.

Nikayaandika hayo vizuri kwenye faili. Faili likaliwa na mchwa, lakini maneno niliyabeba.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Wengine wenu hamkuwa mmezaliwa, kwa hiyo mnadhani maduka yalikuwepo siku zote. Kwetu sisi wa utamaduni ruksa ilikuja na mikono miwili. Sabuni ilipatikana, sare za kioda zikawa nyeupe kweli. Redio na kaseti zikajaa sokoni. Lakini ushirika ukaanza kuyumba, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, na yale malori yaliyokuwa yanatubebea vikundi yakaegeshwa mpaka yakaota majani. Fungu la idara likawa jina tu. Mbinga mjini wakafungua banda la video, na vijana walioanza kujifunza ngoma wakawa wanajifunza kurusha mateke. Bwana Hyera alistaafu katikati ya hayo. Aliniachia funguo za kabati, kabati ambalo nimeshasema lilifungwa kwa kamba, akaenda shambani kwake. Niliumia kuliko nilivyoonyesha. Kwa miaka iliyofuata idara ya utamaduni ya wilaya nzima, kuanzia nyanda za juu mpaka Chiwanda mpakani, ilikuwa mimi na baiskeli.

Vikundi vilivyozoea kuitwa na serikali vilikufa kimoja kimoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaviita. Kioda cha Lipingo hakikufa. Hakikuwa kimeanzishwa na serikali, hivyo hakikuwa na taarifa kwamba serikali imeishiwa. Ila wasichana walipungua. Bibi Tamari alikuwa na wanafunzi wawili wa kuanzisha nyimbo. Mmoja aliolewa Songea akafungua genge. Akabaki Monika, mama wa watoto wawili, mtungaji hodari, mwenye ugonjwa mmoja: akisimama mbele ya watu sauti inarudi tumboni. Alikuwa anatunga, anamnong'oneza Bibi Tamari, na Bibi ndiye anaanzisha. Bibi akiondoka safuni, hapakuwa na wa kuanzisha. Kila mtu Lipingo alilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Hapo ndipo ikatangazwa tuzo. Taifa litawatunukia wasanii wa sanaa za maonyesho waliotumikia sanaa maisha yao yote. Kila wilaya ipendekeze. Nikampendekeza Bibi Tamari, nikaandika kurasa nne kwa mkono kwa sababu taipureta ilikuwa imekwama herufi ya A, na kwa Kiswahili bila A huwezi kumsifia mtu. Sikutegemea kitu. Jina lake likarudi limepita. Sherehe kubwa ingekuwa Dar es Salaam, ila wazee wa mbali wangetunukiwa wilayani kwao na mgeni rasmi kutoka wizarani, maana nauli ilikuwa imepanda na serikali ilikuwa imejifunza kubana matumizi. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu ofisini. Nikateremka ziwani siku iliyofuata.

Nilimkuta na wenzake wanaanika usipa. Nikawasomea ratiba kama ilivyoletwa. Mtunukiwa ataketi kwenye kiti cha heshima. Mgeni rasmi atamvisha joho jeupe mabegani. Kisha utasomwa wasifu wake, tangu kuzaliwa hadi leo.

Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa anaanika. Mwanamke mmoja mzee alianza kulia polepole, si kwa kelele.

"Mama Utamaduni," akasema Bibi Tamari, "nani amewatuma kunifunika?"

Nikasoma tena ile karatasi kimoyomoyo. Kukalishwa. Kufunikwa. Kuimbiwa maisha mpaka mwisho. Watu wa wizarani, ambao hawajawahi hata kuona ziwa lile, walikuwa wameandika kufunikwa hatua kwa hatua, kwa nia njema kabisa.

"Basi tukatae, Bibi," nikasema. "Nitaandika kwamba unaumwa."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nani kasema nakataa? Mwanangu, nimeimba tangu maziwa hayajaota. Nataka jina langu lisikike redioni na wale walioniambia niache wasikie. Nalitaka hilo. Na safu nayo naitaka. Kwa nini kimoja kinile kingine?"

Nikasaidia kufukuza nzi kwenye usipa. Monika alikuwa ameinamisha kichwa, anajua kwamba yeye ndiye swali.

Bibi mwenyewe ndiye aliyepata njia. Kiti si kitu, akasema, hata kanisani nakalia. Shuka si kitu, nalala nalo. Kinachofunika ni maisha kuimbwa mpaka mwisho. "Wewe ndiye unayeandika hayo maisha?" Nikasema ndiyo. "Basi usiyamalize."

Nilirudi Mbinga nikaandika wasifu usio na mwisho. Ulifika pale Bibi Tamari alipotunga wimbo wa nguruwe na muhogo, ukakatika hapo, mtu yuko hai, anaimba. Nikaupeleka mkoani kwa Bwana Itifaki, mtu wa Kilimanjaro, safi, mpole, ambaye kalamu zake zilikuwa zimepangwa mfukoni kwa kufuata ukubwa. Nikamweleza habari yote ya kufunikwa. Alisikiliza, akaandika.

"Dada Zuhura, nimekuelewa," akasema. "Hatutasoma lolote la kumkera bibi."

Nikaondoka na amani. Hilo nalo liwe somo kwenu: mtu wa ofisi akikwambia amekuelewa, muombe akurudishie kwa maneno yake.

Siku ya sherehe uwanja wa Mbinga ulijaa. Waliokuja kumwona Bibi na waliokuja kumwona mgeni wa Dar walichanganyika, hakuna aliyehesabu. Akina mama wa Lipingo walikuja na lori la mnunuzi wa kahawa aliyetaka jina lake litajwe, likatajwa. Walipanga safu pembeni ya uwanja, sare kama chaki. Bibi Tamari alikaa kwenye kiti cha heshima kando ya mgeni rasmi, naye amevaa sare ya kioda, mkanda umekaza, filimbi shingoni. Bwana Itifaki alikuwa amemwomba avae kitenge. Alikuwa amemjibu, "Sawa baba," na akavaa sare.

Akavishwa joho. Likamfunika mpaka viwiko. Niliona wale wazee waliofunikwa, waliokuja naye, wakishikana mikono. Mgeni rasmi akaanza kusoma. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, na maneno yangu yalinifurahisha, nisidanganye. Alizaliwa. Alichunga. Alijiunga na kioda akiwa hata hajajua kukaza mkanda. Akafika kwenye nguruwe na muhogo, watu wakacheka. Nikashusha pumzi.

Mgeni akageuza karatasi.

Nilijua idadi ya kurasa nilizoandika, na ile haikuwa yangu. Bwana Itifaki, kwa usafi wake, alikuwa ameona wasifu hauna hitimisho, naye hakuwahi maishani kupeleka juu kitu kisicho na hitimisho. "Na sasa," akasoma mgeni, "baada ya kulitumikia taifa kwa..."

Nilisimama. Sikujua nitafanya nini. Nilikuwa nyuma ya meza kuu, kati yangu na kipaza sauti kuna viongozi wawili wanene na maua. Nikamwona Bibi Tamari ameshika mikono ya kiti, hasogei. Uso wake ulikuwa umekufa ganzi. Kwa desturi yao mtu hajiokoi mwenyewe kwenye mkeka. Akiinuka peke yake atakuwa amewadharau wote waliofunikwa kabla yake. Lazima safu imwite.

Na safu ikamwita. Ilitoka sauti kule pembeni, nyembamba kwanza, ikapasuka kidogo, halafu ikasimama. Monika alikuwa ametoka hatua moja mbele ya wenzake. Macho ameyafumba, lakini wimbo umetoka, wimbo mpya, unaomuuliza Tamari amekaa kwa wageni anangoja nini na muhogo haujamenywa. Safu nzima ikadaka. Ngoma ikapigwa. Mgeni rasmi midomo yake ilikuwa inakwenda, hakuna aliyesikia hata neno. Nami namshukuru mtu aliyenunua kipaza sauti kibovu kile.

Bibi Tamari akainuka. Akavua joho, akalikunja vizuri kama nguo ya mwenzake, akaliweka kwenye kiti, akapuliza filimbi, akaingia safuni. Uwanja ulipiga vigelegele mpaka vumbi likawa kama moshi. Mgeni alikuwa mtu mwema. Alikunja karatasi yake akapiga makofi, na redioni alisema kwamba wilaya ya Mbinga ilikuwa imeandaa hitimisho la kusisimua. Bwana Itifaki alisifiwa kwa ubunifu. Aliniangalia, nikamwangalia, tukaacha hivyo.

Jioni ile, akina mama wakipanda lori, Bibi Tamari alimshika Monika mkono. Nilikuwa karibu. "Leo umenizuia kufunikwa," akamwambia. "Na leo nimejua yupo wa kunifunika." Monika akaanza kulia. Bibi akamwambia apande lori, watalia njiani, kuna nafasi.

Aliendelea kucheza misimu kadhaa. Ngao ya tuzo, aliyokabidhiwa baada ya ngoma, aliitundika juu ya mlango, ikawa kiota cha mbayuwayu, na hakuruhusu mtu kuwafukuza. Kisha siku moja nikaletewa salamu: Mama Utamaduni aje Lipingo, na asilete karatasi. Nilikuta mkeka umetandikwa. Shuka alilinunua mwenyewe. Alicheza wimbo mmoja, mmoja tu, mzima, akatoka safuni bila mtu kumshika, akakaa. Akamtazama Monika.

"Haya," akasema. "Sasa niimbie."

Monika aliimba mpaka mwisho, sauti haikurudi tumboni hata mara moja. Nililia siku ile, ndiyo, na hicho ndicho kilio changu kikubwa katika kazi yote, wale mnaotafuta machozi yangu mkayatafute huko.

Sasa mmeelewa ya ukumbini. Mlinikalisha kwenye kiti kilichofungwa utepe. Mkanivisha kitenge mabegani, kizuri, ninakivaa. Kisha katibu wenu akaanza risala, akasoma Lindi, akasoma soksi, akasoma baiskeli, na nikaona amegeuza karatasi na kusema, "Na sasa." Miguu yangu ikanitoa nje kabla sijaishauri.

Sijawakasirikia. Mliniheshimu, na risala ilikuwa tamu. Lakini kuna kikundi cha wasichana wa shule huku ninakoishi wanaojifunza kioda, safu yao imepinda kama mto, na hawana mwingine wa kuwanyoosha. Kwa hiyo ule ukurasa wa mwisho utunzeni, msiutupe wala msiniletee. Siku nikitandika mkeka mwenyewe, nitawaita mje mnisomee.